Sugar Loaf ya Wicklow: viatu, njia, na zile mita 80 za mwisho

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Bray, kusini mwa Dublin. Kila siku nikipita barabara ya N11 nauona ule mlima wenye ncha, Sugar Loaf. Mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 8 tunataka kuupanda wiki ya mapumziko ya shule mwishoni mwa Oktoba. Mwenzangu kazini ananiambia ni kilima tu, mita 501, nivae raba niende zangu. Mwingine ananiambia watu huvunjika miguu huko. Nimsikilize nani? Tupitie wapi? Na ni kweli kwamba ni volkano iliyozimika?

Jibu: Dada, wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Ni mlima mdogo. Mtu mzima mwenye afya hutoka kwenye maegesho ya kusini, akafika kileleni na kurudi, bila kumaliza saa mbili. Mtoto wa miaka 8 anayezoea kutembea anauweza vizuri. Na ni kweli pia kwamba watu huumia pale, tena wengi huumia wakiwa wanashuka, kwenye zile mita 70 au 80 za mwisho chini ya kilele. Sababu ya hayo yote ni moja, nayo ni jiwe lenyewe la mlima. Kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo, habari ya viatu na njia itakuwa nyepesi.

Sugar Loaf si volkano, wala haijawahi kuwa. Umbo lake linadanganya: koni iliyochongoka, imesimama peke yake, mtu yeyote aliyewahi kuona picha ya Longonot au Ol Doinyo Lengai atasema huu ni ndugu yao. Lakini milima ile ilijengwa, tabaka juu ya tabaka, kwa majivu na lava iliyotoka chini. Huu ulichongwa. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mchanga safi wa kwatzi, yaani madini magumu, ulitua kwenye sakafu ya bahari pamoja na tope. Baadaye vyote vikabanwa na kupashwa moto ndani ya ardhi. Tope likawa mawe ya tabaka, laini kiasi, na mchanga ukawa kwatzaiti, mojawapo ya mawe magumu kabisa ya nchi ile. Ardhi ilipoinuka, mvua, mito na barafu vikala mawe laini yaliyouzunguka mlima, kwatzaiti ikabaki imesimama. Mgongo wa Bray Head ulio karibu na kwenu, na Little Sugar Loaf wa mita 342 ng'ambo ya barabara, navyo vina jiwe hilohilo, na ndiyo maana vina mabega yenye kingo kali. Geuka magharibi uelekee Djouce, mita 725, utaona milima ya mviringo, mipana kama migongo ya ng'ombe. Kule uko kwenye ukingo wa eneo la graniti, na ardhi yake huvaa udongo wa mboji mzito na mweusi.

Sasa, kwatzaiti ina tabia ambayo mpandaji anapaswa kuijua. Haiozi wala haimomonyoki kuwa udongo. Inapasuka. Katika zama za barafu, maji yaliingia kwenye nyufa zake, yakaganda, yakatanuka, yakapasua. Yakayeyuka na kuganda tena, mara maelfu kwa maelfu. Matokeo yake ni zile kokoto na mawe ya ukubwa wa ngumi hadi wa kichwa yaliyomwagika ubavuni mwa koni. Okota moja ulitazame: rangi yake ni nyeupe inayoelekea kijivu, pengine ina wekundu kidogo, na kingo zake zimekaa kama kigae kilichovunjika jana. Hakuna udongo wa kuyashika pamoja. Kila jiwe limelalia jingine, nawe ukilikanyaga linaondoka na mguu wako.

Jina nalo linatokana na umbo. Zamani huko Ulaya sukari iliyosafishwa iliuzwa katika mapande ya umbo la koni, mtu akikata kipande kwa mkasi maalumu. Wewe uliyekulia Pwani fikiria sukari guru inavyomiminwa kwenye kalibu ikagandia humo, utakuwa umekaribia, ila hii ilikuwa nyeupe na ndefu. Kwa Kiairishi mlima unaitwa Ó Cualann, jina linalobeba kumbukumbu ya Cuala, eneo la kale lililokuwa sehemu hizo.

Njia ziko mbili zinazokufaa, na uchaguzi wake unategemea kama mna gari.

Ya kwanza ni ya kusini, ndiyo fupi na ndiyo yenye watu. Kutoka Bray unakwenda Kilmacanogue, unashika R755 ya kuelekea Roundwood na Glendalough inayopita Rocky Valley, kisha baada ya kupanda hadi uwanda wa Calary unakata kushoto kuingia kijibarabara cha L1031. Maegesho yako upande wa kushoto. Kutoka hapo kilele kiko karibu kaskazini kamili, na unakiona mwendo mzima ikiwa hakuna ukungu. Kwenda na kurudi ni kilomita 2.7 hivi, na unapanda takriban mita 200 tu, kwa kuwa maegesho yenyewe tayari yako juu, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari.

Ya pili inaanzia kijijini Kilmacanogue, karibu na uwanja wa michezo ya jadi ya Kiairishi ulio juu ya kijiji. Hii ndiyo ningekushauri kama hamna gari, maana basi namba 133 la Dublin kwenda Wicklow hupita Kilmacanogue, na kutoka Bray ni mwendo wa dakika chache. Tazama ratiba ya kurudi kabla hujatoka nyumbani, hasa siku za sikukuu. Njia hii ni ya kilomita kama 7 kwenda na kurudi, na unapanda karibu mita 400. Sehemu ya kwanza ni kati ya vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano na majani marefu ya kangaga, ambayo mwezi Oktoba yatakuwa yamekauka na kuwa na rangi ya kutu. Baadaye inatoka kwenye mimea mifupi ya zambarau, inazunguka bega la mlima na kuungana na njia ya kusini chini ya koni. Vijia vya kondoo ni vingi na vinachanganya. Kanuni ya pale ni kwamba ukijikuta unapenya miiba kwa mikono, umekosea. Rudi ulikotoka hadi ulipoacha njia iliyokanyagika.

Muda unaweza kuupiga hesabu mwenyewe kwa kanuni ya zamani ya wapandaji, iliyotungwa na Mskochi William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kusini inatoa kama dakika 52, ya kijijini karibu saa mbili. Lakini Naismith alikuwa akihesabu watu wazima wepesi, wasiosimama kupiga picha wala kula. Kwa mtoto wa miaka 8, zidisha mara mbili kwa njia ya kusini, na kwa njia ya kijijini weka saa tatu na nusu. Mkimaliza mapema, hakuna hasara.

Ukiniuliza mimi, kwa mara ya kwanza na mtoto, pandeni kwa kusini. Si kwa sababu njia ya kijijini ni mbaya. Kwa kweli ni nzuri zaidi na ina utulivu. Ila mtoto atakuwa na nguvu zake zote mtakapofika kwenye mawe, na hapo ndipo nguvu zinapohitajika.

Basi tuingie kwenye mawe. Kutoka maegesho, sehemu kubwa ya mwendo ni njia pana, yenye changarawe, inayopanda taratibu. Watu huifanyia haraka na kufika chini ya koni wakihema. Nendeni mwendo ambao binti anaweza kuzungumza bila kukata maneno. Chini ya koni simameni dakika tano. Kunyweni maji, fungeni kamba za viatu upya, ingizeni simu na vitu vyote vya mkononi mfukoni au kwenye begi, kwa kuwa kutoka hapo mikono yote miwili ina kazi.

Mbele yenu kutakuwa na mkondo mwembamba wa mawe kati ya majabali, umekaa kama ngazi iliyobomoka. Kuna mawe makubwa yaliyojikita, na katikati yake kokoto legevu. Kanyageni mawe makubwa. Kabla ya kuweka uzito wote juu ya jiwe, liguse kwanza kwa mguu. Likitikisika, tafuta jingine. Ukilishika kwa mkono, sukuma kuelekea chini, usilivute kuelekea kwako. Hatua ziwe fupi, na unyayo wote utue, si ncha ya vidole peke yake. Mtoto apande mbele, mtu mzima mmoja nyuma yake kwa karibu, urefu wa mkono mmoja, awe tayari kumshika kiunoni. Shemeji anaweza kutangulia kuonyesha jiwe lipi ni imara, lakini asipande wima juu yenu. Akae kidogo upande, ili akiangusha jiwe lisije likawateremkia. Mtu yeyote akiangusha jiwe apige kelele papo hapo kuwajulisha walio chini, hata kama jiwe ni dogo na hata kama anaona aibu. Na mkisikia kelele kutoka juu, msiinue uso kutazama. Egemeeni jabali, inamisheni kichwa.

Kileleni ni padogo, pana miamba mitupu, na siku ya sikukuu pamejaa watu. Anga likiwa safi utaona Ghuba ya Dublin yote hadi rasi ya Howth, Bray yenu chini ya miguu, na ng'ambo ya bahari vivuli vya milima ya Wales. Kaeni upande usiopigwa na upepo. Mtoto asikimbie. Pande nyingine za kilele huishia kwenye magenge na miteremko ya kokoto, si kwenye njia.

Kabla hamjakaa kula, fanyeni jambo moja dogo ambalo limeokoa wengi. Geukeni nyuma mlikotokea, tazameni mdomo wa ule mkondo, na mpige picha yake. Ukungu wa Wicklow unaweza kuufunika mlima mkiwa mnakunywa chai, na mtu akiinuka baada ya hapo kila upande unafanana. Kosa linalojirudia Sugar Loaf ni kushuka kwa mkondo usio wenyewe. Unaanza vizuri, unafanana kabisa na ule mliopandia, kisha unaishia kwenye jabali lisiloshukika, na kurudi juu kwenye kokoto ni kazi ngumu mara mbili. Mkitilia shaka, rudini kileleni mara moja, mngali karibu. Ukungu ukiwa mzito mno, subirini hapo mkiwa mmevaa nguo zote. Mara nyingi hupasuka baada ya muda.

Kushuka ndiko kwenye hatari, nami nataka ulisome hili mara mbili. Mtu akiogopa huegemea nyuma, anakaza magoti, anatanguliza visigino. Uzito unahama kutoka kwenye nyayo, viatu vinateleza mbele, anakalia mawe au anajishikilia kwa mkono ulionyooka. Mifupa ya kifundo cha mkono huvunjika namna hiyo, na vifundo vya miguu huteguka namna hiyo. Dawa yake ni kinyume cha hofu. Kunja magoti kidogo, leta kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, piga hatua fupi kuliko unavyodhani inafaa. Palipo na mwinuko mkali, geuka uangalie mlima na ushuke kama unavyoshuka ngazi ya dari. Hakuna aibu yoyote, wazoefu hufanya hivyo. Palipo na kokoto nyingi na nene, kisigino kikizama kinashika. Palipo mwamba mtupu ulionyunyiziwa kokoto chache, hapo ni kama kutembea juu ya goroli zilizomwagwa sakafuni, na ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Zifagie kokoto kwa mguu kwanza, kisha ukanyage mwamba. Wakati wa kushuka mtu mzima ndiye anayetangulia, mtoto anafuata juu yake.

Na muwe na uvumilivu na foleni. Wiki ya mapumziko ya Oktoba watu ni wengi, na Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo ni sikukuu ya taifa, hivyo mkondo ule mwembamba unakuwa na wanaopanda na wanaoshuka kwa pamoja. Anayepanda huachiwa nafasi. Kama una uwezo wa kuchagua, nendeni siku ya katikati ya wiki, mfike maegesho kabla ya saa nne asubuhi. Maegesho hujaa, na ile barabara ni nyembamba kiasi kwamba gari moja lililoegeshwa vibaya linazuia trekta la mkulima au gari la wagonjwa. Mkikuta pamejaa, shukeni mkapandie Kilmacanogue. Msiache begi wala pochi mahali panapoonekana ndani ya gari. Vioo huvunjwa kwenye maegesho ya milima yaliyo karibu na jiji.

Sasa viatu. Raba zenye soli bapa, zile za kuvaa na suruali ya kwenda kazini, hapana. Tatizo si urefu wa kiatu, kwa maana ya kufunika kifundo au kutokifunika. Watu hubishana sana juu ya hilo na mimi sioni kama ndilo la kuamua hapa. Tatizo ni soli. Kwatzaiti iliyosuguliwa na maelfu ya viatu imekuwa laini kama sakafu ya msikiti, na ikilowa, ule utando mwembamba wa kijani na mweusi unaokaa juu yake unateleza kama sabuni. Unahitaji soli ya mpira mlaini wenye meno ya kina cha milimita 4 au 5. Raba za kukimbilia njia za porini zinatosha kabisa, na za mtoto zipo za bei nafuu. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene utakazovaa mlimani. Kidole kimoja cha mkono kipenye nyuma ya kisigino unaposukuma mguu mbele, si zaidi.

Kamba nazo zina ufundi wake. Kwa kupanda, acha sehemu ya juu iwe legevu kidogo ili kifundo kikunjike. Kwa kushuka, fungua yote uanze upya. Piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma kabisa ya kiatu, kaza kuanzia katikati ya mguu, na kabla ya kufunga, pitisha kamba mara mbili kwenye fundo la kwanza ili lisilegee. Mguu usipohama mbele, vidole havigongi ncha. Na kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Nguo: jinzi ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa inashika maji na kukunyang'anya joto mwilini, na upepo ukipiga juu yake utatetemeka hata kama kipimajoto kinasema nyuzi 10. Vaeni fulana ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta la flisi au la sufu, na kwenye begi kila mtu awe na koti lisilopitisha mvua, hata jua likiwa linawaka mnapotoka. Kofia ya sufu na glovu kwa kila mmoja. Kwa mtoto beba glovu jozi mbili, ya kwanza italowa kwenye mawe. Kumbuka joto hupungua karibu nyuzi 0.65 kwa kila mita 100, kwa hiyo kileleni kuna baridi ya nyuzi 3 zaidi ya ufukweni Bray, kabla hujahesabu upepo. Na upepo ndio bwana wa mlima huu. Umesimama peke yake karibu na bahari, hauna wa kuukinga. Soma utabiri wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, kisha tafuta utabiri wa upepo wa urefu wa mita 500, si wa jijini. Mivumo ya ghafla ikitajwa kufika kilomita 60 kwa saa, kwa mtoto wa miaka 8 ahirisheni. Ikitolewa tahadhari ya rangi yoyote, manjano, ya chungwa au nyekundu, msiende kabisa.

Maji, lita moja kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto. Mlimani hamna bomba wala chemchemi ya kutegemea, maji yote hupotelea kwenye mawe. Chai ya moto kwenye chupa yake, mandazi au chapati, tende chache. Vyoo msivitegemee, malizeni haja kabla ya kutoka. Ongezeni tochi ya kichwa, filimbi, bendeji pana, na simu yenye chaji kamili. Ramani ya karatasi inayofaa ni namba 56 ya mfululizo wa ramani za Ireland uitwao Discovery, kipimo cha 1:50,000. Hata kama mnatumia simu, baridi hula betri, karatasi haizimiki.

Tochi naitaja kwa sababu ya tarehe zenu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Siku moja kabla yake jua huzama Dublin karibu saa kumi na mbili jioni, na siku inayofuata huzama karibu saa kumi na moja. Kila mwaka kuna watu wanaosahau hilo na kukutwa na giza kwenye mawe. Jiwekeeni kwamba saa tisa alasiri mko chini ya koni mkirudi, na kama saa nane hamjafika kileleni, mgeuke pale mlipo. Kilele hakiendi popote.

Mtu akiumia asiweze kutembea, msimburute. Mvikeni nguo zote, mkalisheni juu ya begi au kamba, si juu ya jiwe tupu, maana jiwe hunyonya joto. Pigeni 112 au 999, ombeni Garda, yaani polisi, kisha mwambieni mpokeaji kwamba mnahitaji uokoaji wa milimani. Semeni jina kamili, Great Sugar Loaf, Wicklow, kwa sababu kuna Little Sugar Loaf pia. Semeni mko upande gani, wangapi, nani ameumia wapi, na namba ya simu. Baada ya hapo msitumie simu kwa jambo lingine. Bila mtandao, pulizeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, rudieni. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote. Nakuomba usione haya kuwaita, na usingoje giza liingie ndipo uwaite.

Kuna adabu za mlima pia. Ireland haina haki ya jumla ya mtu kutembea popote. Watu hupita kwa hisani ya wenye ardhi na wenye kondoo, na hisani inaweza kuondolewa. Mbwa afungwe kamba. Kaeni katikati ya njia hata penye tope na kokoto. Kila anayepita pembeni kukwepa mawe anaua mimea inayoshika ule udongo mwembamba, mvua inayofuata inaubeba, na njia inazidi kuwa kovu pana linaloonekana hadi barabarani. Moto wowote hapana, hata jiko dogo la kuchomea nyama, hata sigara. Vile vichaka vya miiba vina mafuta ndani yake na huwaka vikiwa vibichi. Maganda ya machungwa na ndizi rudini nayo, kwenye baridi ile huchukua muda mrefu mno kuoza.

La mwisho ni la jioni mkiwa nyumbani. Kwenye kangaga na nyasi ndefu kuna kupe, wadogo kama mbegu ya ufuta, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Hupungua baridi ikianza, lakini Oktoba bado wapo, hasa mkipita njia ya Kilmacanogue. Suruali ziingizwe ndani ya soksi wakati wa kutembea. Mkirudi, mkagueni mtoto nyuma ya magoti, kwenye mapaja, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mizizi ya nywele. Mkimkuta kupe, mshikeni kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuteni moja kwa moja polepole bila kuzungusha. Msimpake mafuta wala kumchoma kwa moto, hutapika ndani ya jeraha. Andikeni tarehe. Katika wiki nne zinazofuata, likitokea duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, au homa na uchovu usio na sababu, mpelekeni kwa daktari na mmwambie mlipanda mlima siku gani.